Nakala Namba Nne

Leodgar alikuwa mtu wa masjala, na kwa miaka ishirini na mmoja hakuwahi kusoma barua isiyo yake. Si kwamba alikosa nafasi. Ufunguo wa kabati la siri aliuvaa shingoni pamoja na rozari, na ndani ya kabati hilo yalilala mambo yote ya Halmashauri ya Itundwe: nani alighushi cheti, nani alishushwa cheo, nani aliomba uhamisho wa ghafla baada ya mume wa mtu kurudi safari. Wenzake walimcheka. Mtu umekabidhiwa sufuria la pilau, walimwambia, halafu kazi yako kulinda mfuniko! Yeye aliwajibu kwamba alikula kiapo, na katika kiapo chake hapakuwa na kifungu kinachosema "isipokuwa saa ya chai."

Itundwe ni mji mdogo ulioegemea reli, mwendo wa saa chache kutoka Tabora mjini kama treni imeamka vizuri. Zamani misafara ya pembe ilipita hapo, na habari za Ujiji zilifika mabegani mwa wapagazi baada ya majuma mengi, zikiwa zimechoka. Siku hizi tumeendelea. Habari ikigongwa muhuri wa SIRI saa tatu asubuhi, saa nne imeshafika stendi, na saa sita wauza michembe ya viazi wanaijadili, tena na nyongeza.

Ndiyo maana waheshimiwa waliandaa semina ya maadili na utunzaji wa siri. Ilifanyika siku mbili kwenye ukumbi wa ushirika wa tumbaku, na mwezeshaji alitoka mbali sana, jambo lililoonyesha kwamba maadili hayapatikani jirani. Madiwani walihudhuria, wakuu wa idara walihudhuria, na waganga na wauguzi wafawidhi wa zahanati waliletwa kwa lori. Kila mmoja alijaza fomu ya kiapo. Mwezeshaji aliwaambia, "Mtumishi ukiona kiongozi anatumia mali ya umma kwa faida yake, usinung'unike vichochoroni. Andika barua. Ifunge, igonge SIRI, ilete kwenye Kamati ya Maadili. Jina lako litalindwa kama mboni ya jicho."

Aliyepiga makofi kuwazidi wote alikuwa Mheshimiwa Lugembe, diwani wa kata ya Kalangale, mwenye gesti kubwa kuliko zote mjini na mjumbe wa Kamati hiyohiyo ya Maadili. Alipiga hadi saa yake ya mkononi ikafunguka. Viti vitatu nyuma yake alikaa Pelagia, muuguzi mfawidhi wa zahanati ya Kalangale, mwanamke mkimya wa miaka arobaini na kitu. Yeye hakupiga makofi. Alikuwa anaandika maneno ya mwezeshaji kwenye daftari, na yale ya mboni ya jicho aliyapigia mstari kwa rula.

Wiki mbili baadaye, siku ya Jumanne, bahasha ya kaki iliingia masjala. Ilikuwa imegundishwa, kisha ikapigwa selotepu mizunguko mitatu kama mzigo wa kupakia treni, na juu yake imeandikwa: "SIRI. Kwa Mwenyekiti, Kamati ya Maadili." Leodgar aliipa namba, akaiandika kwenye rejista, akaipeleka kwa Thuraya, mwanasheria wa halmashauri ambaye ndiye katibu wa kamati.

Thuraya alikuwa binti wa mjini Tabora, wa ukoo wa wafanyabiashara wenye asili ya Oman, na alikuwa na tabia moja iliyowachosha wakubwa wake: alikuwa anasoma sheria kabla ya kuitaja. Alijifungia na ile barua robo saa. Alipotoka, uso wake ulikuwa wa mtu aliyeuma jiwe ndani ya wali.

"Mzee Leodgar, nakala za barua kwa kamati zinakwenda kwa wajumbe wote?"

"Wote saba. Kanuni inasema siku tatu kabla ya kikao."

"Hata kama..." Akanyamaza, kwa sababu naye alikula kiapo. Akaenda chumba cha pili kwa mwenyekiti wa kamati, Mheshimiwa Amon. Ukuta wa pale ni wa mbao nyembamba, na Leodgar, ambaye hakuwahi kuazima sikio lake kwa ukuta, alisikia bila kutaka.

"Bi Thuraya, kanuni ni kanuni," ilisema sauti ya Mheshimiwa Amon. "Tukianza kuchagua mjumbe gani apate na gani asipate, huo utakuwa ubaguzi. Toa nakala saba."

Nakala saba zikatolewa. Thuraya aliziandika namba kwa wino mwekundu, moja mpaka saba, akazifunga mwenyewe. Kesho yake Jumatano Leodgar alizipakia kwenye begi, akapanda baiskeli, akazungukia wajumbe mmoja mmoja na kitabu chake cha dispachi, kile ambacho mpokeaji wa barua anasaini. Ya nne ilikuwa ya Mheshimiwa Lugembe. Alimkuta kibarazani kwa gesti yake, amevaa kaptula.

"Shikamoo Mheshimiwa."

"Marahaba, Leodgar! Mtu wa siri zetu! Kaa kwanza, jua lote hili." Lugembe akasaini kitabu bila kuangalia, akapaza sauti ndani, "Leteni soda ya mzee! Ile ya kwenye friji nyeupe."

Ilikuja soda ya baridi ajabu, chupa inatoka jasho, ikapasua kifua cha Leodgar kwa utamu. Alishukuru, akaondoka kuipeleka namba tano. Alijisikia mtumishi mwema. Kazi ilikuwa safi, kila bahasha imefika ikiwa imefungwa, kila sahihi iko mahali pake.

Jumatatu iliyofuata aliitwa mbele ya Kamati ya Maadili.

Wajumbe saba walikaa nyuma ya meza yenye kitambaa cha kijani. Mheshimiwa Amon alikuwa katikati, Thuraya pembeni na kompyuta yake, na Mheshimiwa Lugembe alikuwa wa pili kutoka kulia, ndani ya suti, mikono imefumbatwa kama mtu aliye kanisani.

"Ndugu Leodgar," alianza mwenyekiti, "Jumanne iliyopita iliingia kwako barua ya siri. Muuguzi mmoja wa Kalangale, ambaye jina lake hatutalitaja ili kumlinda..."

"Pelagia," alisaidia mjumbe mmoja.

"...ambaye jina lake hatutalitaja, anadai kwamba friji ya chanjo ya zahanati yake, iliyochukuliwa kupelekwa matengenezo miezi miwili iliyopita, inapoza soda kwenye gesti ya Mheshimiwa Lugembe. Hayo ni madai. Hatuyajadili leo. Leo tuna jambo zito zaidi. Alhamisi, Mheshimiwa Lugembe alikwenda zahanati akiwa anajua neno kwa neno yaliyoandikwa. Muuguzi amepiga simu analia kwamba siri yake imevuja. Kwa hiyo Kamati inakuuliza: nani alimwambia Mheshimiwa Lugembe?"

Leodgar aliikumbuka ile soda ya Jumatano na chupa yake iliyotoka jasho. Kumbe alikunywa kutoka kwenye friji ya watoto. Alimtazama Lugembe. Lugembe naye akamtazama kwa huzuni, uso wa mtu aliyetendewa ubaya.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema Leodgar, "Mheshimiwa Lugembe si huyu hapa? Kwa nini asiulizwe yeye?"

"Mjumbe hahojiwi na kamati yake."

"Na mimi nimeumia sana," Lugembe akadakia. "Siri ni kitu kitakatifu. Nataka mhalifu apatikane leo hii."

Wajumbe walitikisa vichwa kuonyesha jinsi walivyoguswa. Leodgar alikuwa mtu wa makaratasi, na mtu wa makaratasi akibanwa hukimbilia karatasi. Akasema, "Naomba kitabu cha dispachi kisomwe. Mimi barua sikuifungua. Nilichofanya ni kuipeleka, na kila niliyempa alisaini."

Thuraya alikuwa na kitabu hicho mapajani. Ni kama alikuwa anasubiri hayo tu. Akakifungua palipo na kipande cha karatasi alichotangulia kukiweka, akasoma kwa sauti ya mahakamani: "Nakala namba nne. Mheshimiwa Lugembe. Jumatano, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Imepokelewa. Sahihi."

Wajumbe waligeuka kumtazama Lugembe.

"Sawa," alisema Lugembe bila kutetereka. "Hiyo niliipokea kama mjumbe. Sikuipokea kama mlalamikiwa. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Kama mjumbe niliisoma, nikaifungia kabatini. Sasa huyu mlalamikiwa, ambaye ni mimi, nani alimwambia?"

Baadhi ya wajumbe waligeukiana, wakaona hoja ina uzito. Mheshimiwa Amon alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Kitabu hiki," alisema, "kina majina ya wajumbe na mienendo yao. Ni hatari kikizagaa. Kigongwe SIRI, kifungiwe."

"Niandike kwenye muhtasari kwamba nimepinga?" aliuliza Thuraya.

"Andika. Halafu na muhtasari uwe siri."

Ikaamuliwa hivi: Leodgar akae nyumbani siku kumi na nne kupisha uchunguzi, kwa kuwa ameshindwa kuthibitisha kwamba hakuvujisha. Muuguzi, kwa ajili ya usalama wake, ahamishiwe zahanati ya mbali zaidi, kule ambako hata mtandao wa simu hufika kwa msimu. Na Ndugu Leodgar akumbushwe kwamba yote aliyoyasikia humo ndani yanalindwa na kiapo chake.

"Unakumbuka kiapo chako?" aliuliza mwenyekiti.

"Nakikumbuka," alisema Leodgar. Na kweli alikikumbuka, kila neno. Hilo ndilo lililokuwa tatizo lake.

Alikaa nyumbani siku mbili. Alichonga mpini wa jembe ambao haukuhitajika. Mkewe, Apolinaria, alimwangalia tu. Alikuwa mwanamke ambaye kwa miaka yote hiyo ya ndoa hakuwahi kudokezewa hata jambo moja la ofisini, na alikuwa ameshazoea kuyapata sokoni kama watu wengine.

"Baba Benedikta," alimwambia siku ya pili, "sokoni wanasema umemuuza nesi wa Kalangale kwa soda."

Mpini ulimponyoka. "Nani anasema hivyo?"

"Wanaosema ni wengi. Wengine wanasema soda mbili."

Leodgar alikaa chini. Hakuwa na hasira na watu wa soko, maana hata wao hawakukosea sana. Aliivuta ile safari ya Jumatano akilini, kona kwa kona: begi, baiskeli, kibaraza, sahihi, soda. Miguu iliyobeba jina la Pelagia mpaka mkononi kwa Lugembe ilikuwa miguu yake. Mwezeshaji alimwahidi yule mama mboni ya jicho, na yeye Leodgar, mtunza siri hodari, ndiye aliyeipeleka hiyo mboni kwenye sahani. Na yule mama mpaka leo hajui imekuwaje. Huenda anamshuku jirani yake, au mhudumu wake wa zahanati.

Alilala vibaya. Asubuhi alipanda baiskeli, akashika njia ya Kalangale, kilomita kumi na moja za mchanga katikati ya miombo na mizinga ya nyuki.

Alimkuta Pelagia anafunga vitu kwenye maboksi. Barua ya uhamisho ilikuwa mezani. Barua za uhamisho huwa hazichelewi.

"Karibu, kaka Leodgar. Umekuja kunikabidhi muhuri mwingine?"

"Sista, nimekuja kukuambia nani alitoa jina lako."

Pelagia aliacha boksi. "Nimeshajiuliza mpaka kichwa kimeuma. Nilimfikiria mhudumu wangu, nikamkaripia bure, siku ya tatu leo hatusemeshani. Nani?"

Leodgar alishika ule ufunguo shingoni. Miaka ishirini na mmoja. Kisha akasema, polepole, kama anasoma rejista: "Ni mimi. Nilimpelekea mwenyewe, ndani ya bahasha. Sikujua kilichomo. Yeye ni mjumbe wa kamati uliyoiandikia, na mwenyekiti aliamua wajumbe wote wapate nakala. Alisaini nakala namba nne. Jumatatu wamekaa kumtafuta aliyemwambia, naye alikuwa mezani anasaidia kutafuta."

Pelagia alianza kucheka. Alicheka hadi akashika meza, akajifuta macho kwa kona ya kitenge, na mwishowe haikujulikana vizuri kama bado ni kicheko.

"Namba nne kwa wino mwekundu," alisema. "Niliiona. Alisimama hapo mlangoni na karatasi yake, akaniambia, 'Sista una mwandiko mzuri, ila utakufaa zaidi huko uendako.' Nikasema labda ni namba ya mashtaka." Akapumua. "Kaka Leodgar, friji ile niliiona kwa macho yangu. Nilialikwa kipaimara cha mtoto wa rafiki yangu pale gesti. Naenda kuchukua maji, nakutana nayo. Wamebandika picha ya soda juu ya maandishi ya CHANJO TU, lakini picha ni fupi, TU imebaki inaonekana. Nikanyamaza. Kinamama wananiuliza friji imepona lini, nasema bado fundi anaishughulikia. Miezi miwili nawadanganya, watoto wanabebwa mgongoni mpaka Itundwe kuchanjwa, kwa sababu mimi nimeapa kutunza siri. Siri ya nani? Ya soda?"

"Nimeapa na mimi," alisema Leodgar. "Leo nimevunja."

"Basi tumebaki wawili wasio na maadili." Pelagia alilisukuma boksi kwa mguu. "Kesho ni siku ya chanjo. Wewe baiskeli yako ina keria imara?"

Kesho yake alfajiri, kinamama zaidi ya thelathini walikusanyika zahanati na watoto migongoni, tayari kwa safari yao ya kila mwezi. Pelagia alisimama mbele yao, akawaeleza yote kwa Kinyamwezi, bila kupaza sauti, na kwanza kabisa akawaomba radhi kwa kuwadanganya. Mhudumu wake alikuwepo, akaombwa radhi yake mbele za watu. Batuli, mama wa mapacha, mwanamke mwenye mdomo mwepesi, aliuliza swali moja tu: "Nesi, friji ikiwa iko gesti, kliniki iko wapi?"

"Kliniki iko palipo na friji," alijibu Pelagia.

Wakaondoka. Leodgar alisukuma baiskeli nyuma yao, na kwenye keria amefunga mizani ya kutundika, ile ya kupimia watoto, pamoja na rejista ya kliniki. Ilikuwa rejista ya kwanza maishani mwake aliyoibeba ikiwa wazi.

Walifika saa tatu. Gesti ilikuwa na wageni wa heshima siku hiyo, wakaguzi fulani kutoka mkoani, ambao walikuwa ndiyo kwanza wanatoka bafuni na taulo mabegani. Walikuta mizani inaning'inia kwenye boriti la kibaraza, na mtoto wa kwanza ameshatundikwa ndani ya kile kikaptula cha kupimia, anapiga mateke na kulia kwa nguvu zake zote. Kinamama walikaa mstari kuanzia getini hadi mlango wa baa, kadi mkononi. Hakuna aliyepiga kelele. Hakuna aliyetukana. Pelagia alipima, Leodgar aliandika, na kila mama akimaliza alimsogelea mhudumu wa gesti kwa adabu na kumwambia, "Shikamoo. Tunaomba chanjo kutoka kwenye friji yetu."

Mhudumu yule, maskini, alijibu wa kwanza kwamba kuna ya chungwa na ya nanasi.

Mheshimiwa Lugembe alitoka ndani akiwa anafunga vishikizo. Aliwatazama kinamama, akawatazama wakaguzi wenye taulo, akamwona Leodgar na kalamu yake. Siku nyingine angefoka. Lakini mkaguzi mmoja, mzee mpole mwenye povu la sabuni sikioni, alikuwa amemwinamia Batuli anamuuliza, "Mama, friji gani mnaisema?" Na Batuli alikuwa anamwonyesha kwa kidole, ndani ya baa, friji nyeupe yenye picha ya soda na neno TU.

"Ndugu zangu!" alisema Lugembe, na tabasamu lake likafunguka kama mwavuli. "Mmefika kabla ya wakati! Nilitaka iwe zawadi ya kushtukiza. Friji yenu imepona. Nilikuwa naijaribu hapa, nione kama inashika baridi, maana afya ya watoto si jambo la kubahatisha."

"Miezi miwili?" aliuliza Pelagia.

"Sista, umakini."

Saa sita friji ilikuwa juu ya pikapu ya Mheshimiwa mwenyewe, inarudi Kalangale, na nyuma yake kinamama wote waliopata nafasi ya kupanda. Soda zilibaki sakafuni zinapata joto. Jioni, kundi la simu la halmashauri lilipokea picha ya Mheshimiwa Lugembe akikata utepe mbele ya friji, na chini yake maelezo: "Diwani akabidhi friji ya kisasa kwa zahanati." Wajumbe wa Kamati ya Maadili walikuwa wa kwanza kutuma alama za makofi.

Pelagia hakuhama. Barua ya uhamisho ilitenguliwa kimya, baada ya kinamama wa Kalangale kutuma ujumbe kwamba nesi wao akihamishwa, wao watahamia gesti. Friji ilipata kufuli, na ufunguo wake akapewa yule mhudumu aliyekaripiwa bure.

Ikabaki shauri la Leodgar. Siku ya kumi na tano alirudi mbele ya Kamati, akasimama wima.

"Waheshimiwa, mlinihukumu kwa kuvujisha nikiwa sijavujisha. Sasa nimevujisha. Nilikwenda Kalangale, nikamwambia muuguzi kwamba Mheshimiwa Lugembe alipewa nakala namba nne. Andikeni."

Mheshimiwa Amon alimgeukia Thuraya. "Mwandalie hati ya mashtaka."

"Naam, Mwenyekiti." Thuraya aliweka vidole juu ya kompyuta. "Nianze hivi: 'Kwamba wewe Leodgar, ukiwa mtumishi wa masjala, ulimwambia mlalamikaji kwamba Kamati ya Maadili ilimpa mlalamikiwa barua ya malalamiko yake...'"

"Hapana, hapana. Futa hiyo."

"'Kwamba ulitoa taarifa ya siri iliyohusu nakala namba nne, ambayo ilipokelewa na...'"

"Futa!"

"Mheshimiwa, sheria inataka kosa litajwe. Na hati ya mashtaka nakala yake inakwenda mkoani."

Mheshimiwa Amon aliangalia dari. Mheshimiwa Lugembe aliangalia saa yake. Mjumbe mmoja alishauri hati iandikwe tu kwamba Ndugu Leodgar amefanya jambo; mwingine akasema jambo ni neno zito, iandikwe hali. Walihangaika hadi saa ya chai. Mwisho wakaona ni busara wamsamehe kosa ambalo hawawezi kulitaja, na kwa manufaa ya umma wampangie kazi nyingine: karani wa ofisi ya kata ya Usagula, mwisho wa barabara. Ufunguo wa masjala ya siri ukabidhiwe.

Leodgar aliuvua shingoni, akauweka kwenye kitambaa cha kijani. Alidhani atahisi aibu. Alichohisi ni shingo nyepesi, na njaa kidogo.

Nje, Thuraya alimfuata hadi kwenye baiskeli.

"Mzee Leodgar, nisamehe. Siku ile nilitaka kukuambia bahasha ile isiende. Niliogopa."

"Ulikuwa na kiapo."

"Nilikuwa na woga," alisema Thuraya. "Kiapo nilikitumia kama koti."

Mwezi uliofuata semina nyingine ya maadili ilifanyika kwenye ukumbi uleule. Mheshimiwa Lugembe ndiye aliyeifungua, na kwa kuwa sasa alikuwa na uzoefu, alitoa na mfano wa friji.

Leodgar hakualikwa. Alikuwa Usagula, kwenye ofisi ya chumba kimoja yenye meza moja na mbuzi wa jirani. Wiki yake ya pili huko, mama mmoja wa makamo aliingia, akajitambulisha kwa jina la Gaudensia, akatoa bahasha ndani ya mkoba. Ilikuwa imefungwa vizuri. Juu yake ameandika SIRI kwa herufi kubwa.

"Naomba ifike halmashauri," alisema kwa sauti ya chini. "Ni mambo ya mkubwa mmoja wa hapa kijijini."

Zamani Leodgar angechukua rejista, akaipa namba, akasema asante. Sasa aliisukuma bahasha ikamrudia mwenyewe, akamvutia kiti.

"Kaa, mama. Kwanza niambie huyo mkubwa ni nani," alisema. "Halafu nami nitakuambia kamati zote anazokaa, ndipo tuamue tunampa nani."